Siku Nilipoifagia Kompyuta ya Baba

Kizazi chetu ndicho kilichofundishwa kunawa mikono kabla ya kugusa kompyuta. Mliokulia Morogoro mwishoni mwa miaka ya tisini mnanielewa. Wengine mtabisha, lakini ninyi hamkuwa na baba kama wangu.

Tulikaa Mwembesongo, kwenye nyumba yenye uwani mpana na bomba lililotoa maji likitaka lenyewe. Asubuhi ukitoka kupiga mswaki unaitazama milima ya Uluguru kwanza, maana wingu likiwa limelala kule juu, mama hakuanika nguo hata kama jua lilikuwa kali. Tukitoka shule tulicheza rede mpaka mtu aitwe kwa jina lake lote, lile la ubatizo na la ukoo, na hapo unajua umechelewa. Tulikula magimbi ya kuchemsha kwa chai ya rangi. Msimu wa mafenesi tulikula mafenesi mpaka midomo inanata, kisha tunautoa utomvu mikononi kwa mafuta ya taa. Basi baba alikuwa anatunusa mikono. Ukinuka mafuta ya taa, kompyuta huisogelei, hata kuitazama unaitazamia mlangoni.

Kompyuta yenyewe ilikuja kwa mkokoteni. Hiyo ilikuwa miaka ya viwanda kupata wenyewe wapya, na kile alichofanyia kazi baba kama karani wa stoo kilipata wa kwake. Wenyewe wapya walikuja na mashine mpya, wakawaaga makarani wa zamani kwa mashine za zamani. Baba aliisindikiza yake kutoka kiwandani hadi nyumbani kwa miguu, imefunikwa blanketi, mkono wake mmoja umeishika ubavuni kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Majirani walikuja kumpa hongera. Mmoja aliuliza kama inashika stesheni za Dar.

Mama alimaliza kazi ya kuikaribisha ndani ya juma moja. Katika nyumba yetu hakuna kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, stuli zilikuwa na vitambaa, mtungi wa maji ulikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni. Kompyuta ikafumiwa cha kwake, cheupe chenye maua ya waridi kila kona, na kingine kidogo cha kichwani. Baba alinung'unika kidogo kwamba mashine si kochi, lakini kwa kweli alikuwa anafurahi, maana wageni walikisifia.

Masharti yakawekwa. Unavua viatu mlangoni. Unanawa. Ukimaliza unafunika. Mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa na nilikuwa darasa la sita, nilipewa kazi ya kuifuta vumbi kila Jumamosi, na malipo yangu yalikuwa nusu saa ya kucheza karata za kwenye kioo. Wadogo zangu wawili waliruhusiwa kutazama, mikono nyuma.

Baba aliitumia kwa jambo moja tu: nyimbo. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Babu yangu, aliyekuwa katekista kwenye kijiji cha misheni huko juu milimani, ukishapita Mkuyuni, alitunga nyimbo nyingi na kuziandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari moja nene. Alipofariki, baba alirithi daftari. Sasa baba alikuwa anazichapa moja moja, kwa kidole kimoja, maneno juu na zile herufi za sauti chini yake, d na m na s zimepangwa kwa nukta mbili mbili. Ilimchukua miezi. Kusudi lake lilikuwa kitabu kidogo, kwaya iimbe nyimbo hizo siku ya sikukuu ya somo wa parokia, yaani mtakatifu wake msimamizi, pale pale kijijini kwa babu.

Alipochapa wimbo wa mwisho alifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka kwa uchungu. Alilichukua daftari la babu, ambalo mchwa walikuwa wameanza kulilamba upande mmoja, akampa Bi Mwanaidi, jirani yetu muuza karanga, afungie karanga. "Sisi sasa tuko kwenye kompyuta," alimwambia, kifua mbele. Bi Mwanaidi alishukuru sana. Karatasi zilikuwa nzuri, nzito.

Jumamosi moja, kama siku kumi hivi kabla ya sikukuu, baba alitoka sebuleni amekunja uso. Alimwambia mama kwamba mashine inalalamika imejaa. "Nafasi imekwisha, Mama Tina. Nikitunga hata wimbo mmoja sina pa kuuweka." Kisha akaenda mazoezi ya kwaya.

Mimi nilisikia. Na mimi nilikuwa binti wa mama yangu. Nilishafagia uwanja, nikadeki, nikasugua masufuria kwa majivu. Nyumba ikijaa, kwetu hakuna mjadala: kisichotumika kinatolewa. Nikavua ndala, nikanawa, nikakaa kwenye kiti cha baba. Nikafungua ndani, pale nilipomwona baba akifungua, nikakuta folda nyingi. Moja ilikuwa nono kupita zote. Ndani yake kulikuwa na vijifaili visivyohesabika, vyenye majina ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kumpa mwanawe. Hakuna aliyewahi kuvitaja nyumbani kwetu. Vilikuja na mashine kutoka kiwandani, nikajua ni takataka za makarani.

Nikaanza kufagia. Vingine viligoma, nikaviacha. Vingine mashine iliniuliza kwa Kiingereza kama nina uhakika. Sasa, mtoto aliyelelewa, akiulizwa na mkubwa kwa upole namna ile, ataitikia nini? Nikabonyeza ndiyo kila nilipoulizwa. Nilipomaliza nikaona pale pembeni kile kipipa cha taka kimejaa hadi juu. Mama yangu alikuwa na sheria: taka hazilali ndani. Nikalimwaga pipa. Nikazima, nikafunika kitambaa, nikanyoosha maua yakae kwenye kona zake. Niliona fahari, nisidanganye. Nilikuwa namngoja baba arudi aone nafasi.

Baba alirudi jioni, akawasha. Kioo kilikuja, lakini kilikuja kitupu. Rangi ya kijani-buluu toka ukingo hadi ukingo, bila kipicha hata kimoja, bila mahali pa kubonyeza, na kijisanduku katikati kikisema kwa Kiingereza kwamba kuna kitu hakionekani. Baba akazima, akawasha. Kitupu. Akachomoa waya ukutani, akahesabu hadi mia, akachomeka. Kitupu. Akazima taa za nyumba nzima ili mashine ipate umeme wa kutosha, tukakaa kizani sote tukiangalia ule ukijani. Akafanya ishara ya msalaba, akawasha tena. Mshale ulitokea, ukatetemeka peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nilielewa papo hapo. Nikarudi nyuma taratibu, nikaelekea jikoni.

Jumapili baada ya misa akaitwa Mzee Shomari, fundi redio, mtu aliyeheshimika mtaa mzima kwa kufufua redio zilizokwisha kukatiwa tamaa. Alifungua mgongo wa mashine kwa bisibisi, akapuliza, akapiga chafya, akanusa. Kisha akakiangalia kitambaa cha mama.

"Mwalimu," akasema, "hiki chombo kimechemka. Mnakifunika gubigubi kama maiti, kitapumulia wapi? Vya ndani vimeyeyuka."

Baba hakufoka. Ningeona nafuu kama angefoka. Alimgeukia mama akasema taratibu, "Mama Tina, si nilisema mashine si kochi?"

"Ulisema, Baba Tina," mama akajibu. Akakikunja kile kitambaa mara nne. Kesho yake tulipotoka shule tulikuta amevitoa vyote. Redio uchi, stuli uchi, mtungi uchi. Sebule ilikuwa kama ya watu wanaohama. Wala hawakugombana. Baba aliomba chumvi, mama akampa chumvi, basi. Mimi nilikuwa katikati yao nikimega tonge na kulirudisha sahanini.

Na hapo ndipo baba alipokumbuka daftari. Alikwenda mbio kwa Bi Mwanaidi, akakuta limebaki jalada. Karatasi zilishakuwa mapakiti ya karanga, na mapakiti yalishatawanyika kwa wauzaji wake, hadi stendi ya Msamvu. Baba yangu, mtu aliyekuwa anatukataza kula njiani, alizunguka mji mzima akinunua karanga. Anachagua pakiti zenye mwandiko wa wino, anarudi nyumbani mifuko imetuna, anazimwaga kwenye sinia na kunyoosha vikaratasi kwa pasi. Nusu ubeti huku, kiitikio kule, na mafuta katikati. Wadogo zangu walikula karanga asubuhi, mchana na jioni, wakaomba kompyuta isipone. Siku moja nilimkuta ameketi peke yake na kipande kimoja mkononi, anajaribu kuuimba mstari kwa sauti ndogo, anafika palipochanika, anarudi mwanzo. Sauti za baba yake ndizo zilizokuwa zinampotea, na aliyezipoteza nilikuwa mimi, na aliyekuwa akilaumiwa ni mama.

Jumatano akaja Dada Konsolata. Alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya, na alifundisha watu kompyuta kwenye chumba kimoja karibu na soko. Alisalimia, "Shikamoo mwalimu, shikamoo mama," akavua viatu bila kuambiwa, akaketi. Alikuja na diski zake kwenye mkoba. Aliangalia kile kijisanduku, akaingiza diski, kioo kikawa cheusi na maandishi meupe. Akachapa, akasoma, akachapa, akasoma. Kisha akageuka.

"Mashine ni nzima, mwalimu. Haijaungua wala haijayeyuka. Kuna mtu amefuta vitu. Tena huyo mtu si mvivu, hata pipa la taka ameliacha jeupe."

Mzee Shomari, aliyekuwa amekuja kuangalia mwenzake anavyofanya, akaanza kuisafisha miwani yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, ananitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifagia."

"Ulifagia nini?" baba akauliza.

Nikaeleza yote, huku nalia, kamasi na machozi: nafasi iliyokwisha, folda nono, majina mabaya, taka zisizolala ndani. Dada Konsolata aliniacha nimalize.

"Na hii folda iliyoandikwa BABA, uliifuta?"

"Hapana, dada."

"Kwa nini hukuifuta?"

Nilimshangaa kwa kuuliza. "Chumba cha baba siingii bila kutumwa."

Akabonyeza kidogo, na nyimbo za babu zikaanza kushuka kwenye kioo cheusi, moja chini ya nyingine. Baba alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akawa anasoma majina yake kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kila jina anajijibia mwenyewe, "Yupo. Yupo. Yupo." Mzee Shomari alisema alhamdulillahi, kisha akasema hata hivyo joto nalo si zuri.

Baba akanyooka. Nilijua fimbo iko juu ya kabati na nilishajiandaa. Lakini alimgeukia mama kwanza, mbele ya fundi, mbele ya mgeni, mbele yetu watoto, jambo ambalo akina baba wa enzi zile hawakulifanya hata kwa dawa.

"Mama Tina, nilikuonea. Nisamehe."

Mama akamsogezea sinia. "Kula karanga, Baba Tina."

Fimbo nilipata, msidhani niliponea. Mbili tu, za kulinda heshima. Diski za Dada Konsolata zilirudisha vile nilivyofagia, na sikukuu ya somo tulipanda milimani kwenye lori la kukodi, kwaya nzima imesimama inaimba njia nzima, na vitabu vilitosha kila mkono.

Jioni ile ya Jumatano, tulipobaki jikoni wawili tukichambua mchele, mama alisema bila kuinua uso, "Nilijua tangu Jumamosi."

Nikamuuliza alijuaje.

"Mashine ilipogoma, wote walijazana kwenye kioo. Wewe nilikukuta huku unasugua sufuria safi."

"Sasa mbona hukumwambia baba? Mbona ulikubali kulaumiwa?"

Alipepeta ungo mara mbili, tatu. "Halikuwa langu kulisema," akajibu, na akanituma maji.

Mama hayupo tena, na kila mwaka ninavyozidi kukua namkumbuka zaidi. Leo kompyuta inakaa mfukoni. Vijana wanaishika kwa vidole vyenye tomato ya chipsi, wanalala nayo kifuani, na ukitaja kunawa wanadhani unazungumzia ugonjwa. Juzi picha zote za harusi ya mdogo wangu zilitoweka kwenye simu yangu. Binti yangu, aliyekuwa ameishika muda mfupi nyuma, akasema, "Zimejifuta zenyewe, mama," bila kuondoa macho kwenye simu yake. Nikafungua mdomo. Kabla sijatamka neno, zikarudi zote, zilikuwa zimetunzwa huko mtandaoni zinakotunzwa, na yeye akacheka na kuendelea na mambo yake.

Nilifurahi kuziona picha. Halafu nikakaa nikiwaza kwamba nyumbani kwangu hakuna tena kinachopotea kiasi cha mtoto kulazimika kusema ni mimi. Na hata kingepotea, nisijisifu. Mama alibeba lawama yangu siku nne, akipika, akifua, akijibu salamu, ananingoja. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kufoka, na dakika moja ilikuwa haijaisha.