Chuma cha Ziada

Vicent humsikia marehemu akikohoa. Si usiku wala ndotoni. Ni mchana kweupe, Jumamosi, akiwa chali chini ya Mustang ya mwaka sabini katika gereji ya nyumba yake, Pearland, huku Marekani. Akitoka kuchungulia, hakuna mtu. Anarudi chini, na mtu aliyefungua difu za malori kule nyumbani Makambako miaka kumi na moja, leo spana inamshinda. We acha tu.

Gari lilikuwa la Wilfred. Yeye na Vicent walikuwa chanda na pete. Mwaka juzi, siku ya mvua, mkia wa gari uliteleza juu ya daraja la barabara kuu, likajibamiza ukingoni, Wilfred akafa palepale. Watu wote walisema ni mvua. Vicent naye alisema hivyo msibani, huku roho ikimsuta.

Maana miezi miwili kabla ya hapo aliligusa yeye. Wilfred alikuja kulalamika kwamba gari likibeba mzigo linakaa chini nyuma. Vicent akafanya tulivyozoea nyumbani: akaongeza chuma kimoja bapa kwenye kila springi ya nyuma, juu ya vile vilivyokuja na gari. Lori la mahindi linalihitaji hilo. Gari jepesi lenye injini ya fujo linakakamaa, na kwenye maji matairi ya nyuma hayashiki. Jamani, fundi mzima! Hilo alikuja kulifikiria makaburini.

Sasa Apolonia, mjane wa Wilfred, kamwomba alitengeneze, binti yao Queen aende nalo chuoni. "Shemeji, nimwamini nani mwingine?" Kauli hiyo ilimkata maini. Akang'oa kila kitu cha nyuma: akafunga ekseli mpya nene, difu isiyoachia gurudumu moja lizunguke bure, springi laini za kiasi chake, shokapu mpya. Akalijaribu kwenye mvua mara tatu. Lilinyooka.

Ila fundi wa kwetu humrudishia mwenye gari vyuma vikuukuu, aone kwa macho yake kwamba kweli vimebadilishwa. Apolonia ni mtoto wa dereva wa lori. Angeviulizia, na angevikagua. Vicent aliwaza kuvitupa. Siku mbili alivizunguka tu, na kikohozi kikazidi.

Jumapili baada ya misa alilipeleka gari, akavilaza vyuma barazani kwa Apolonia.

"Shemeji, hiki cha juu, kila upande, hakikuja na gari. Nilikiweka mimi. Ndicho kilichomuua Wilfred."

Apolonia hakulia. Aliketi kwenye ngazi.

"Alikwambia nani alimtuma?"

"Hapana. Alisema tu linakaa chini."

"Nilimtuma mimi. Tulikuwa tunabeba masufuria ya kwaya, bomba la moshi linakwaruza kila tuta, naona aibu kanisani. Nikamsumbua wiki nzima: nenda kwa Vicent akuongezee chuma, baba yangu alikuwa anafanya hivyo. Yeye hakutaka, shemeji. Alikuja kwako kuninyamazisha."

Vicent alivisogeza vyuma pembeni. Akaketi naye.

Mlango ukafunguliwa. Queen alitoka amevaa viatu, anacheka, mkono ameunyoosha. "Anko, funguo?"

Vicent alimtazama Apolonia. Apolonia alimtazama Vicent. Gari lilikuwa limenyooka, ila kati yao hakuna aliyethubutu tena kusema ndiyo.