Kigelegele Katikati ya Kimya

Tulikuwepo mimi, binti yangu Rukia, shoga yangu Mama Furaha, Mkongomani tunayepanga naye mtaa wa Berea, na mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa Rukia, anayesomea kutunga muziki London. Amekuja likizo, akaazima kanisa hapa mjini Johannesburg ili arekodi muziki wake mpya. Rekodi hiyo aipeleke Uingereza, wanakochagua watunzi vijana wa kuandikia okestra.

Mpiga fidla, Thabo, akaanza. Nyuzi zikalia taratibu, kisha akanyamaza, upinde uko juu. Nikangoja. Kimya. Waalikwa wametulia tuli, hakuna anayepiga makofi.

"Eish, kasahau?" nikamnong'oneza Mama Furaha.

"Imeisha, mama. Shangilia mjukuu wako!" akanijibu.

Kwetu Tanga mpiga muziki hashuki jukwaani bila kutunzwa pesa au khanga. Nikaona mjukuu wangu anaaibika mbele za watu. Nikainuka, nikapiga kigelegele cha harusini, nikaenda mbele nikicheza, nikamvisha Thabo khanga yangu mabegani.

Thabo hata hakunitazama. Alishusha upinde, akaendelea kupiga. Mimi nikabaki nimesimama pale, sijui nirudi au nikae chini.

Alipomaliza, Zuhura akazima mashine ya kurekodia.

"Bibi, kile kimya nimekitunga mimi. Miezi mitatu." Akatazama mlangoni, waumini wa ibada inayofuata wamekwisha kujaa. "Na hatuna muda wa kurudia. Itakwenda hiyo hiyo."

Mliokuwepo, kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. Kigelegele ninakikumbuka vizuri.