Samaki wa Dada Atupele

Juzi, kwenye tangi la samaki la hoteli moja Mbeya, nilimwona mmoja amevimba mashavu, nikainamisha macho.

Nyumbani Ikolo, dada yangu Atupele alifuga samaki wa ziwani kwenye tangi la kioo. Samaki mmoja alipogoma kula, mashavu yakavimba, nilidhani ana jipu. Dada alipotoka kugeuza kakao iliyovundikwa, harufu ya uchachu ikijaa uani, nilimshika samaki yule nikamminya mdomo. Vikatoka vidudu vyenye macho, vikirukaruka kiganjani. Nikawatupia bata.

Jioni samaki alizunguka tangi zima bila kutulia.

“Nimemtoa wadudu,” nilijisifu.

“Ndaga, mdogo wangu!” dada akanishukuru. “Ona anavyocheza.”

Nikachekelea. Sasa najua samaki wale hulea watoto mdomoni, na najua jioni ile alikuwa akitafuta nini.