Rodaje Kwenye Barabara Iliyofupika

Injini ilitoka Bunagana, mpakani na Uganda, ndani ya sanduku la mbao, imefungwa nailoni, imepakwa grisi kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Mwenye injini alikuwa mjane, muuza maharagwe, niliyemwita Mama, na mimi nilikuwa shofere wake. Alizikata kamba za sanduku kwa mkono wake. Hakutaka mtu mwingine aiguse kwanza.

Kabla ya hapo nilikuwa nimebeba magunia mpakani, nimechimba madini Masisi, nimesukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Shule niliiacha katikati ya sekondari, si kwa upumbavu, ila miguu haikutulia. Lakini injini mpya kabisa sikuwahi kuiona. Goma tulizoea injini zilizofia nchi za mbali zikaja kufufukia kwetu.

Kamioneti yake, gari dogo la mizigo, iliegeshwa juu ya mawe ya volkano, kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa na nyumba. Chini ya mawe hayo, aliniambia, kuna gari la mume wake. Siku moto uliposhuka kutoka mlima Nyiragongo hadi katikati ya mji, mume alijaribu kuliwasha likakataa. Walitoka kwa miguu, wakageuka kuangalia, na ua haukuwapo tena. Mume alifariki baadaye kwa ugonjwa mwingine, lakini Mama alikuwa na maelezo yake kuhusu siku ile na hakuyabadilisha hata mara moja: injini ya gari lile ilibebeshwa saruji siku ileile iliyofungwa. Haikufanyiwa rodaje.

Rodaje ndilo neno letu la kuizoeza injini mpya. Unaiendesha polepole, bila mzigo, mpaka vyuma vya ndani vizoeane. Fundi aliyeifunga, muzee mmoja mwenye sauti ya kukoroma, alitoa masharti yake: kilomita elfu moja, usipite hamsini, usibebe kitu, halafu umwage mafuta na kuweka mapya. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ni hivyo. Nikamuuliza dereva wa lori la Uganda niliyefahamiana naye mpakani, naye akacheka: injini ukiibembeleza, ringi za pistoni hazikai vizuri, ipe mlima na mzigo tangu siku ya kwanza. Nilirudi na maneno hayo kwa Mama.

“Huyo mutu wa Uganda,” alisema, “gari ni yake?”

“Hapana, Mama. Ni ya boss.”

“Basi anyamaze.”

Tukaanza. Nyuma ya kamioneti tulifunga katoni iliyoandikwa RODAGE kwa makaa, kama desturi ya kwetu ilivyo, ili wenye haraka wasipige honi. Kila asubuhi tulipanda barabara ya Rutshuru, mbali kadiri pesa ya mafuta ilivyotufikisha, mimi na Mama, sanduku la nyuma tupu likigonga kila shimo. Yeye alikuja kila siku. Alikaa na mkono juu ya dashibodi kusikiliza mtetemo, na sindano ya mwendo ikigusa hamsini aliguna tu, nami nikapunguza.

Watu walitucheka. Pale mteremko wa Kibati kijana wa chukudu alitupita amepakia viazi hadi kidevuni, kandambili yake ikitoa moshi kwenye gurudumu alipofunga breki. Akageuka na kupiga kelele: “Papa shofere, nikufungie kamba nikuvute?”

“Endelea na njaa yako!” Mama alimjibu. Kisha alicheka mwenyewe hadi chini ya mteremko, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Kazi ilisimama muda wote huo. Maharagwe yake yalikuwa yanamngoja Rutshuru kwenye ghala la shemeji yake, na wateja walianza kununua kwa wengine. Sisi tulipita kando ya ghala lile tukiwa watupu, tukanywa chai, tukageuza. Shemeji alisema, “Chukueni hata magunia mawili.” Mama alikataa.

Halafu vita vikaja. Tulisikia kwanza kwamba Bunagana imechukuliwa. Mpaka ule ulikuwa mbali na kilomita zetu, basi tuliendelea. Kisha Rutshuru ikafungwa, na ghala la maharagwe likabaki upande wa pili. Tukawa tunageuzia Rumangabo, halafu Kibumba, halafu Kibati, ambapo askari walikuwa wamechimba mashimo katika mashamba ya mahindi. Barabara ilikuwa inaliwa kutoka juu, na kilomita zetu bado hazijatimia. Nilimwambia Mama twende upande wa Sake. Tulikwenda, tukapita ziwa la Lac Vert na kurudi, lakini alitaka kupanda Kibati kila asubuhi, aone kama njia imefunguka.

Asubuhi moja mambo yalibadilika. Mabomu yalilia juu ya Kibati na watu wakaanza kushuka wote kwa pamoja, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Niligeuza gari. Tulishuka katikati yao polepole kama ilivyo sheria, na sanduku letu tupu. Hawakututukana. Walituangalia tu. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na sufuria mkononi alitembea kando ya dirisha la Mama kwa muda mrefu, kwa sababu mwendo wetu na wake ulikuwa mmoja.

“Mama,” alisema mwishowe, “gari yenu iko mugonjwa?”

Mama aligonga dashibodi. Aliniambia nisimame.

Walipanda mpaka sikuona nyuma. Springi zililala. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili na kusema, “Gia ya pili. Usiikanyage.” Tulifika mjini injini ikiwa ya moto, lakini ikinguruma sawasawa. Fundi aliitegea sikio, akachomoa kijiti cha mafuta, akanionyesha vumbi la chuma likimetameta juu yake. Akasema hilo ni la kawaida, vyuma vinalana mpaka vikubaliane. Kilomita zimekaribia kutosha, kesho tumwage mafuta. Baada ya hapo, mzigo.

Kesho yake mji ulianguka. Kabla ya mchana wanaume wenye bunduki waliingia uani wakikimbia, wakataka ufunguo. Sikuuliza wa upande gani. Mama aliutoa, lakini alisimama mbele ya mlango wa gari.

“Musiikimbize,” alisema. “Ni mupya. Iko mu rodaje.”

Mmoja, aliyevaa kandambili, alimwangalia kwa upole kabisa. “Mama yangu, na vita tuikimbie polepole?”

Wenzake walicheka. Walipanda, wakapakia masanduku ya risasi, wakaondoka kuelekea Sake katika gia ya kwanza, injini ikipiga mayowe. Mama alisimama njiani na kusikiliza.

“Abadilishe,” alisema. “Ju ya nini habadilishi?”

Sauti ilizama nyuma ya nyumba, bado gia ya kwanza.

Bunduki ziliponyamaza nilikwenda kuitafuta kwa miguu. Niliikuta kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Lac Vert, boneti wazi, tundu ubavuni mwa injini ambalo ngumi yangu ilipita. Mafuta yalikuwa yamekwisha kunywewa na mawe. Magurudumu hayakuwapo.

Mama alikuwa anapeta maharagwe ya kuazima niliporudi. Aliuliza ilifia wapi, nikamwambia. Aliuliza kama ilikuwa inapanda.

“Inapanda.”

“Na muzigo?”

“Na muzigo, Mama.”

Alipeta kidogo, akatupa kijiwe.

“Tungebeba tangu siku ya kwanza,” alisema, “magunia yote ya kwa shemeji yangekuwa hapa.”

Nilikaa naye wiki ile. Hakukuwa na gari la kuendesha, na yeye hakuwa na kitu cha kuniambia nifanye.