Cherehani Iliyokataa Mikono

Cherehani ya mama ilikuwa na wazimu. Aliinunua ikiwa nzee kwa mke wa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama, na tangu iingie chumbani kwetu, huku lokesheni, mtaa wa Waafrika wa Eldoret, hakuna aliyejua itakata uzi saa ngapi. Iliweza kushona asubuhi nzima kwa adabu, kisha ikagoma katikati ya kola, na mama akaifungua skrubu kwa skrubu huku akiikemea kama mkwe mvivu.

Kwa hiyo alikuwa na kanuni zake. Kazi fupi kwanza: pindo, kiraka, mfuko uliotoboka. Kazi ndefu aliikatakata vipande, na kila kipande akakimalizia mahali ambapo, mashine ikifa, angeweza kuendelea kwa sindano ya mkono. Hata mteja mmoja kutoka Ainabkoi, mwenye haraka kushinda treni, hakuwahi kuondoka na nguo nusu. Nilimwonea mama fahari, na bado namwonea.

Ila gauni langu la harusi lilikuwa kazi ndefu kuliko zote, basi likakaa mwisho wa foleni. Mchumba wangu, karani wa reli, alikuwa amehamishiwa Voi, na asiporipoti kwa wakati nafasi angepewa mwingine. Tungefunga ndoa Jumamosi, tupande treni Jumatatu. Kufikia Alhamisi gauni lilikuwa na kila kitu isipokuwa mikono na vifungo vya mgongoni, na mchungaji wetu hakuwa mtu wa kumfungisha ndoa bibi harusi mwenye mabega wazi.

"Mama, hiyo mikono utaweka lini?"

"Wewe ngoja. Si unaona hii mashine ni mgonjwa? Nikiweka gauni yako tu, inakata uzi."

Ilikuwa kweli. Mara tatu alianza mikono, mara tatu mashine ikagoma. Nguo za watu ilishona. Nikanuna, nikasema mganga hajigangi, nikasema na mengine ambayo sitayaandika.

Ijumaa asubuhi alikwenda sokoni. Nikafungua mkebe wa vifungo kutafuta vya mgongoni, nikakuta skrubu ndogo imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha gauni langu. Niliijua: ndiyo inayokaza uzi. Kumbe aliitoa kila zamu yangu ilipofika, akairudisha kwa kazi za watu.

Aliporudi alinikuta nimeishika. Akaketi kitandani, kapu bado mkononi.

"Voi ni mbali," akasema. "Nilifikiri nikichelewesha kidogo, watatuma mtu mwingine."

Hasira yangu ikaishia hapo. Nikarudisha skrubu mahali pake, nikaketi mbele ya sindano kuongoza kitambaa, naye akazungusha gurudumu, polepole mno. Mkono wa kwanza, kisha wa pili. Sote wawili tulikuwa tukisubiri uzi ukatike, na haukukatika hata mara moja.