Siku Nyuki Walipohamia Kwenye Redio ya Balozi

Jamani, haya mambo nimeyafunika miaka mingi, na nisingeyafunua leo kama mke wangu asingekuwa anayasimulia kila tukipata mgeni, tena anaongeza chumvi, anasema nililia. Sikulia. Macho yalikuwa yamevimba tu. Kwa hiyo afadhali myasikie kwangu mimi mwenye aibu yangu, mcheke, mmalize, tuendelee na chai.

Wakati ule nilikuwa karani kwenye ghala moja la tumbaku mjini Tabora, nimepanga chumba na sebule Mtendeni kwa Mama Zuhura, nyumba ya zamani ya udongo yenye kuta nene na mlango mzito wa nakshi ambao Mama Zuhura alisema uliuona msafara wa mwisho wa pembe ukipita (alisema hivyo kila tulipoubamiza). Ile sebule niliiita sebule kwa heshima tu. Mlikuwa na kigoda kimoja, jiko la mafuta ya taa, ndoo na baiskeli yangu, na mimi sikuona upungufu wowote mpaka nilipompenda Eliza.

Eliza alikuwa mshonaji, anakaa kwa shangazi yake hapo mjini, lakini kwao ni Sikonge, na baba yake, Mzee Yakobo, alikuwa mzee wa kanisa na mfuga nyuki mwenye mizinga porini asiyoweza kuihesabu mtu mwingine. Nilikwenda kujitambulisha nimevaa shati la kuazima. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nitakuja nione mahali anapokwenda kukaa mwanangu. Nikishaona, nitasema." Basi. Wakati naaga akanipa bonge limefungwa kwa majani ya mgomba, zito kama tofali, akaniambia, "Hii mpelekee mdogo wangu Kipalapala. Mwambie ni ile nta." Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ndiyo baba, na wala sikuuliza ile nta ni ipi. Ukiwa unaposa huulizi maswali.

Kipalapala si mbali, lakini niliporudi mjini tairi la baiskeli likapasuka, na mpira wa baiskeli siku zile ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, hivyo ile nta ikalala uvunguni mwa kitanda changu wiki mbili, chumba kizima kinanukia maua. Nikasema, nitaipeleka tu.

Siku ya Alhamisi, Eliza akanipitia kazini na habari kwamba baba yake anaingia mjini Jumamosi, atalala kwa shangazi, na Jumapili wakitoka kanisani wanakuja kwangu moja kwa moja. Nikamwambia nyumba itakuwa tayari. Akaniangalia.

"Aloisi, iache kama ilivyo. Fagia, chemsha chai, inatosha."

"Wewe hujui wanaume," nikamwambia (mimi ndiye niliyesema hivyo, kwa mdomo huu huu).

Nilikuwa na jioni tatu baada ya kazi, na mfukoni hamna kitu. Lakini nilikuwa na majirani. Jioni ya kwanza nikapaka kuta udongo mweupe, na magunia ya unga nikayafua, nikayachovya kwenye maji ya majani ya chai, yakawa mapazia. Jioni ya pili nikazunguka kuazima. Viti vinne nilivipata nyumba nne tofauti, hakuna kinachofanana na mwenzake. Mama Zuhura alinipa meza na vitambaa vyake vya kufuma, kimoja kimeandikwa KARIBU MGENI kwa uzi mwekundu. Na Balozi Hamisi, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mkali lakini hapendi kukosa shughuli, akakubali kunipa redio yake.

Hiyo redio lazima niieleze. Ilikuwa sanduku la mbao, kubwa, ya betri, mbele kitambaa, nyuma wazi kwa sababu fundi aliondoka na kifuniko akasema atakirudisha. Kila saa saba mchana nyumba kumi zote zilijikusanya barazani kwa balozi kusikiliza taarifa ya habari. Akaniambia, "Naileta mwenyewe, naondoka nayo mwenyewe, na saa saba lazima iwashwe, wananchi wasikose habari kwa sababu ya posa yako." Tukakubaliana atakuja kama rafiki wa mwenye nyumba.

Ikabaki sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepasuka, na ina madoa tangu wapangaji wasiojulikana. Jumamosi, kazi ilipoisha, nikakimbilia dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko kutafuta rangi nyekundu ya sakafu. Akatikisa kichwa. "Hakuna, bwana. Labda wiki ijayo." Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kigoda, naangalia ile sakafu, na pua yangu ndiyo iliyoniponza, maana harufu ya nta ilikuwa inatoka uvunguni inaniita kabisa.

Nikasema kidogo tu. Kipande kama kidole. Mdogo wake wa Kipalapala hatajua. Nikaikata, nikaiyeyusha na mafuta ya taa kidogo, nikapaka kona moja. Loo! Ile kona iling'aa mpaka kona nyingine zikaonekana chafu. Nikakata kipande kingine. Zile zilipong'aa, miguu ya viti ikaonekana imepauka, nikapaka na viti. Halafu meza. Halafu mlango wa Mama Zuhura, nakshi zote, kwa kijiti. Redio ilipofika nikaipaka nje, na kitambaa kilipobaki na nta nyingi nikapitisha hata ndani kule nyuma nisitupe mali. Ilipofika magharibi, bonge la Mzee Yakobo lilikuwa limebaki jani la mgomba tu.

Nyuki watatu wanne walikuja jioni ile ile, wakazunguka zunguka dirishani, wakaingia, wakachungulia nyuma ya redio, wakaondoka. Mama Zuhura akauliza, "Mbona nyuki?" Nikamjibu kwa maringo kabisa kwamba hata nyuki wanajua nyumba nzuri.

Jumapili saa sita wakafika. Mzee Yakobo mbele na suti yake ya kanisani, Shangazi Raheli nyuma yake, mwanamke mnene wa kucheka kwa sauti, na Eliza nyuma kabisa ameinamisha uso. Shangazi akaita mlangoni kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka!" tukaitikia, nikasema shikamoo baba, marahaba, karibuni, karibuni ndani. Balozi Hamisi alikuwa amekwisha kukaa, miguu amekunja, anaitazama redio yake.

Sasa mimi sikujua kwamba nta ukiichanganya na mafuta kidogo haikauki, na joto la mchana lile la Tabora likaja likaiamsha. Shangazi akakanyaga, akainua mguu, pwachu! Akakanyaga tena, pwachu! Akabaki amesimama katikati ya sebule yangu, kandambili moja mguuni, moja imebaki sakafuni kama imepigiliwa msumari. "Mwanangu, nyumba yako inapenda wageni," akasema. Eliza akaziba mdomo kwa kanga.

Wakakaa. Mzee Yakobo akatazama kuta, mapazia, viti. Halafu nilimwona anavuta pua. Anavuta, anaacha, anavuta tena. Nikajua harufu imempendeza, nikafurahi.

Saa saba kamili balozi akawasha redio. Taarifa ikaanza, vijiji, mavuno, nguvu kazi, na chini yake mvumo, vuuuu, unapanda. "Mawimbi mabaya leo," balozi akasema, akaipiga redio kofi kwa juu. Mvumo ukazidi. Nikainuka kufungua pazia tupate hewa, na hapo ndipo nikaona kwamba mvumo hautoki kwenye redio, unatoka nje, kundi zima la nyuki limetanda juu ya uwanja wa Mama Zuhura, linakuja, na mimi mwenyewe ndiye niliyelifungulia pazia.

Waliingia kwa adabu, hilo niseme kweli. Walipita juu ya vichwa vyetu, wakazunguka mara mbili, wakaenda moja kwa moja nyuma ya redio na kuanza kuingia. Kama wangeachwa nafikiri wasingemgusa mtu. Lakini balozi alipoona mali yake inavamiwa akapaza sauti, "Ondokeni! Hii ni redio ya wananchi!" akatia mkono.

Ee Mungu wangu.

Kilichofuata sikipendi. Balozi alitoka na mkono wake akipiga kelele mpaka mtaa wa pili, na mtaa ukaja. Wamekuja kuniokoa, nikasema moyoni. Wapi! Jirani wa kwanza aliingia amejifunika blanketi gubigubi, akapaza sauti, "Kiti changu!" akakibeba. Wa pili naye, "Na changu mimi!" akasema samahani shangazi, akamwinua Shangazi Raheli kwa mkono, akakichukua. Mama Zuhura akaja na ungo kichwani kuokoa meza yake, chai na maandazi vikamwagika. Mimi nimesimama katikati napungia nyuki taulo (usiwapungie nyuki taulo), nachomwa mdomo, nachomwa jicho, nasikia nyumba yangu inatoka mlangoni kitu kimoja kimoja, kila kimoja na mwenyewe anakitaja.

Mzee Yakobo ndiye peke yake hakukimbia. Alisema kwa sauti ya chini, "Tulieni. Msimpige nyuki hata mmoja." Akainuka polepole ili wa nne achukue kiti chake, na alipogeuka, jamani, kile kitambaa cha Mama Zuhura nilichokitandika kitini kilikuwa kimegandia nyuma ya suruali yake. KARIBU MGENI. Mzee wa kanisa. Mama Zuhura alikiona, akanyoosha mkono, akaurudisha, akatoka bila kitambaa.

Redio bado inasoma habari na nyuki wanaendelea kuingia ndani ya msomaji. Mzee akainama, akagusa sakafu kwa kidole, akakinusa. Akagusa mlango, akanusa. Kisha akaniangalia.

"Nta yangu umeifikisha Kipalapala?"

Mdomo ulikuwa umevimba kama andazi. Nikatikisa kichwa.

"Unajua ilikuwa nta gani?"

Nikatikisa tena.

"Hiyo tunapaka ndani ya mzinga mpya, kijana, nyuki wakisikia harufu waje wahamie. Nimeichanganya na majani ya porini mwenyewe. Mdogo wangu ana mizinga kumi na miwili mitupu inamngoja." Akatazama sakafu, kuta, mlango. "Wewe umepaka nyumba nzima."

Shangazi Raheli, kule mlangoni, alianza kucheka mpaka akashika ukuta. Eliza yeye hakucheka tena. Alikuwa analia, na mimi nilijua kwa nini, na hapo, nasema wazi, moyo wangu ulikatika, kwa sababu alinitaka na mimi nimemharibia kwa mikono yangu.

Mzee akazunguka sebule kwa macho. Pamebaki kigoda, jiko, ndoo na baiskeli ya tairi moja.

"Vilivyobaki ndivyo vyako?"

"Ndiyo, baba."

"Paa linavuja?"

"Hapana, baba."

Akavuta kigoda akakaa, kitambaa chini yake. "Mama yake Eliza nilimwoa nina mkeka na mizinga mitatu," akasema. "Kwa kigoda nisingekukataa. Nilitaka kukukataa kwa ajili ya viti. Tangu nimeingia najiuliza, karani gani huyu, amevipata wapi?"

Akasema atasema neno lake nikishafikisha mzigo. Mzigo gani tena, nikauliza. Akaonyesha redio.

Jua lilipoanza kuzama nyuki wakatulia ndani. Mzee akaizima redio, akaziba nyuma kwa pazia langu la gunia, na mimi, jicho moja wazi, nikaibeba redio kichwani kwa miguu mpaka Kipalapala, tena inavuma masikioni, na katikati ya njia, kwa mtikisiko, ikajiwasha yenyewe ikaanza kupiga dansi. Mdogo wake Mzee Yakobo alinipokea uwanjani, akanishusha mzigo, akauliza ni nini. Nikamwambia, "Ni ile nta."

Eliza nilipewa, na mtoto wetu wa kwanza tukamwita Yakobo, jina la babu yake. Lakini balozi alibaki na mkono umefungwa kitambaa na baraza bila redio, na nyuki, alivyosema Mzee Yakobo, wakishapenda mahali hawaondolewi. Kikao cha nyumba kumi kikakaa, nikahukumiwa kuwa redio. Ndiyo. Mwaka mzima, kila siku saa za mapumziko, nilikimbia kutoka ghalani na gazeti, nikasimama barazani kwa balozi saa saba kamili nikasoma habari kwa sauti, na wiki ya kwanza mdomo bado umevimba, watu hawaelewi neno, balozi ananipiga kofi la mgongoni, "Mawimbi mabaya leo!"

Tangu siku ile sakafu yangu inaoshwa kwa maji matupu, na nimeapa sitaazima hata kijiko kwa ajili ya mgeni. Si kwamba nimepata hekima. Ni kwamba nikithubutu, hata iwe sahani moja tu ya jirani, Eliza ataiweka mbele ya mgeni, atatabasamu, halafu ataniuliza kwa sauti, "Baba Yakobo, hii ni ya nani?"