Sista Agnetha Bundala, Aliyefundisha Kushawishi Bila Kudanganya

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji kimoja nje ya Urambo, mtoto wa tatu wa Wilbroad Bundala na Suzana, wakulima wa tumbaku na Wakatoliki wasiokosa misa. Alianza kusema mapema na, kwa ushuhuda wa mama yake, hakupumzika tena. Akiwa darasa la pili alimshawishi katekista kwamba mvua ikinyesha mafundisho huahirishwa. Alipofika la nne, kwamba hata mawingu yanatosha.

Kipaji hicho kilimtia dhambini. Mwaka 1976 mbuzi wa kwao alipotea, naye Agnetha, bila kuona lolote, alisimama mbele ya majirani akaeleza kwa ufasaha jinsi kijana Ngassa alivyomwiba. Wote walisadiki. Ngassa akatengwa, akaondolewa hata kwenye kwaya. Siku ya tano mbuzi alirudi mwenyewe, ameshiba. Agnetha alikwenda kupiga magoti mlangoni kwa Ngassa, na kwa mara ya kwanza maishani akatumia maneno mawili tu: nisamehe, Ngassa. Ngassa alimwinua. "Mdomo wako ni mzuri, dada," alimwambia. "Utafutie bwana." Aliyapokea maneno hayo kama wito, na mwaka 1984 aliweka nadhiri za utawa.

Kuanzia 1998 alifundisha katika shule ya wasichana ya shirika lake, mtaa wa Kanyenye mjini Tabora. Kila Jumatano baada ya vipindi aliwazoeza wanafunzi kusimama mbele ya watu na kuwavuta kwa hoja. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kumjibu mpinzani kabla ya kuieleza hoja yake vizuri, hadi mwenyewe aseme, "Ndivyo ninavyoamini." Wasichana walinung'unika, kisha wakanogewa.

Jaribu kubwa lilimfika mwaka 2011. Mzee Vedasto, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, alitaka mafunzo hayo yafutwe, akamwita kikaoni. "Kila siku tunamwomba Mungu asitutie kishawishini," alinguruma, "na Sista anafundisha mabinti kushawishi!" Wajumbe wengi walimwunga mkono. Sista Agnetha aliinuka, akijua kwamba kikao kikikataa, atatii.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Akaanza kumsemea mshitaki wake: kwamba ulimi mwepesi huvunja nyumba, kwamba binti hodari wa maneno aweza kumlaghai mzazi. Alieleza vizuri kuliko mzee mwenyewe, hadi watu wakacheka. "Nimesahau lolote?" aliuliza.

Mzee Vedasto alishusha sauti. "Umesahau kwamba naogopa binti yangu Asnath, mwanafunzi wako, hatanisikiliza tena."

"Basi hilo ndilo kubwa," Sista alisema taratibu. "Shetani hushawishi kwa kuficha, Mzee. Utotoni niliwahi kumsaidia kazi hiyo. Sasa nafundisha kushawishi kwa kuonyesha, na huwezi kuonyesha kabla hujasikiliza. Njoo Jumatano umwone binti yako."

Alikwenda. Asnath aliieleza hofu ya baba yake mbele ya darasa zima, bila kuipunguza wala kuidhihaki, na mzee akatoa leso. "Ndivyo ninavyoamini," alisema. Tangu hapo hakukosa Jumatano. Mara nyingi alishindwa na wasichana wa kidato cha pili, akarudi nyumbani akicheka peke yake.

Sista Agnetha alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 14 Agosti 2021. Alipokuwa akipakwa mafuta matakatifu, wanafunzi wawili walibishana nje ya dirisha, na sista mwenzake akainuka kuwanyamazisha. "Mwache yule wa pili amalize," alisema mgonjwa. "Ana hoja." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Mazishini walifika ndugu wawili wa Igunga, Sayi na Kashindye, waliokuwa hawajasemeshana miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kandoni mwa kaburi, Sayi alianza kueleza uchungu wa mwenzake kana kwamba ni wake. Kashindye akajibu vivyo hivyo. Walirudi Igunga wamekaa kiti kimoja cha basi. Kanisa halijatamka kama huo ni muujiza, nasi hatuitangulii hukumu yake.

Anayetaka kumfuata asiende mbali. Aanze na yule wa nyumbani kwake anayemwona mkaidi: amsikilize hadi mwisho, amrudishie maneno yake kwa haki, ndipo aombe nafasi ya kusema. Na akishindwa, acheke.